Mgeni mzima, mwenyeji ndiye ana uvimbe

Mwalimu wa Ramani ameuliza:

Wakubwa shikamooni, rika na wadogo habari zenu.

Nina miaka 53, nafundisha Jiografia sekondari, mkoani Tanga. Figo zangu zilikufa kwa presha ambayo sikujua kama ninayo mpaka siku ya mahafali miguu ilipovimba, viatu vikakataa, nikasimama na kandambili mbele ya mgeni rasmi. Baada ya hapo nikawa mtu wa mashine miaka mitano, 2011 hadi 2016. Nilihamia kwa kaka yangu Temeke, nikawa nasafishwa damu mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara. Ule mshipa waliouunganisha mkono wa kushoto kwa ajili ya sindano za mashine unavuma mpaka leo. Mjukuu wangu akiweka sikio anasema babu ana nyuki.

Mwaka 2016 dada yangu, anayenifuata kuzaliwa, alinipa figo yake moja. Tulifanyiwa Chennai, India, maana Muhimbili walikuwa hawajaanza kupandikiza. Walianza Novemba 2017, mimi bado nalipa madeni ya tiketi. Nyumbani hiyo figo tunaiita Mgeni. Dada akipiga simu kutoka Handeni haulizi hali yangu, anauliza "Mgeni kaamkaje?" Namjibu Mgeni kanywa maji, kalala, hana neno. Na kweli hana neno. Kreatini yangu, kile kipimo cha damu kinachoonyesha figo inavyosafisha, inacheza 115 hadi 125 miaka yote minane. Takrolimasi, dawa ya kushusha kinga ili mwili usimkatae Mgeni, nameza saa moja asubuhi na saa moja jioni, na sijawahi kuruka hata siku ya msiba.

Mwezi uliopita tumbo lilinisumbua upande wa juu. Nikadhani ni vidonda vya tumbo, nikaenda kituo kidogo cha jirani badala ya kliniki yangu ya kawaida. Kijana wa ultrasaundi akanipaka ile jeli ya baridi, akapitisha kifaa chake chini ya mbavu, akanyamaza kidogo. Kisha akauliza, "Mzee, hii figo ya kushoto huwa wanaiangalia?" Nikamwambia figo yangu iko chini kulia, karibu na kinena. Akasema, "Hiyo nimeshaiona, iko safi. Nauliza hii ya zamani."

Hapo ndipo nilipojikuta sina jibu. Kwa miaka minane nimepigwa ultrasaundi zaidi ya mara kumi, na zote zilianzia na kuishia chini kulia. Hakuna aliyewahi kupandisha kile kifaa mbavuni, na mimi nilikuwa najua kabisa kwamba figo zangu za mwanzo hazikutolewa. Ila nilizihesabu kama marehemu, nani anakwenda kumpima marehemu?

Nimepigwa picha ya CT. Figo ya kushoto ya zamani imesinyaa, imejaa vifuko vya maji, na katikati yake kuna uvimbe wa sentimita 2.6. Daktari wa upasuaji wa njia ya mkojo anasema unaonekana kuwa saratani, hakuna haja ya kuchomwa sindano kuchukua kinyama, figo hiyo itolewe yote.

Naomba msaada kwa aliyepitia au anayejua. Nikitolewa hiyo figo, Mgeni atadhurika? Nitarudi kwenye mashine? Nimesoma mahali kwamba sisi tuliopandikizwa tunapata saratani ya figo mara saba ya watu wengine. Ni zile dawa? Maana kama ni dawa, nimekuwa nikijilisha saratani mara mbili kwa siku kwa saa.

Na jambo linalonikosesha usingizi kuliko kisu ni kwamba sijamwambia dada. Wakati anajitolea, majirani walimtisha sana, na mume wake alikaa wiki mbili bila kusema naye. Akisikia "saratani" na "figo" kwa pamoja, atajua ni yake. Atasema alinipa ugonjwa.

---

Mpiga Picha amejibu:

Mwalimu, pole sana. Mimi kazi yangu ndiyo hiyo ya ultrasaundi, mwaka wa kumi na moja sasa, kwa hiyo niseme upande wangu.

Tunachoangalia ni kile kilichoandikwa kwenye fomu. Daktari akiandika "figo iliyopandikizwa", napima figo iliyopandikizwa: ukubwa wake, damu inavyoingia na kutoka, kama mkojo umekwama. Nikimaliza, nafuta jeli, namwita anayefuata. Foleni ni ndefu na fomu haijataja figo za zamani. Sisemi hivi kujitetea, nimewahi kufanya hivyohivyo miaka ya mwanzo. Siku hizi nikiona kovu la kupandikizwa napanda juu hata kama sikuombwa, ni dakika tano tu.

Zaidi ya hapo, figo za zamani ni ngumu kuziona. Figo ya mtu mzima ina sentimita kumi au kumi na moja. Iliyokufa inaweza kubaki sita au saba, imekuwa nyeupe kwenye kioo, inafanana na mafuta yaliyoizunguka. Upande wa kushoto utumbo wenye gesi unakuja kukaa mbele. Huyo kijana wako ana jicho, ukipita pale mpelekee hata soda.

Vile vifuko ulivyoonyeshwa vinatokana na miaka ya figo kuwa imekufa, na kadiri mtu anavyokaa kwenye mashine ndivyo vinavyoongezeka. Baada ya miaka mitatu unaanza kuviona kwa baadhi ya wagonjwa, na ukifika miaka kumi karibu kila mtu anavyo. Ukipandikizwa, mara nyingi vinapungua kasi na vingine hunywea kabisa. Msichanganye na ule ugonjwa wa kurithi wa vifuko, ambao figo zinakuwa kubwa kama maboga na ndugu wengi wa ukoo wanao. Huu wa mwalimu haurithiwi.

Kifuko chenye maji matupu na ukuta mwembamba hakitutishi. Kinachotushtua ni ukuta ulionenepa, vizuizi ndani yake, au nyama ngumu inayong'aa kwenye picha pale dawa unayodungwa kwa ajili ya CT inapoipitia. Uvimbe wako ni wa aina hiyo ya mwisho, ndiyo maana daktari hakutaka kusubiri.

Wengine mnaosoma hapa: muombeni daktari aandike kwenye fomu "figo iliyopandikizwa NA figo za asili, zote mbili". Kama hakuandika, mkumbushe anayekupima.

---

Mizizi Asilia amejibu:

Mwalimu usikubali kisu haraka. Kuna mizizi ya kusafisha figo, unachemsha siku 21, uvimbe unayeyuka wenyewe. Njoo pembeni nikuelekeze.

---

Daktari Kijana amejibu:

Mwalimu, shikamoo. Mimi nipo kwenye mafunzo ya magonjwa ya ndani, si bingwa bado, lakini wodi ya figo nimekaa.

Kwanza wa mizizi hapo juu. Mwaka 1993 madaktari wa Brussels walitoa taarifa ya wanawake waliokuwa wakimeza vidonge vya kupunguza unene vyenye mitishamba ya Kichina. Figo zao zilikufa kwa muda mfupi. Ndani ya dawa ile kulikuwa na mmea wa jamii ya aristolokia, na baadaye wengi wao wakakutwa na saratani ya njia ya mkojo. Hiyo nayo ilikuwa "asili". Sijui ndugu anauza mzizi gani, na hata yeye nina shaka kama anajua unafanya nini ukikutana na takrolimasi. Mwalimu, usiende pembeni.

Sasa hiyo mara saba. Inatoka kwenye utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2011, wa watu zaidi ya 175,000 waliopandikizwa viungo mbalimbali. Waliopandikizwa figo walipata saratani ya figo karibu mara saba ya watu wa kawaida. Lakini mara saba ya nini? Ya jambo ambalo kwa mtu wa kawaida ni nadra. Shilingi mara saba bado hainunui andazi. Walio wengi kabisa kati ya waliopandikizwa hawataipata maisha yao yote.

Swali lako la dawa ni zuri, na utafiti huohuo unalijibu kwa kiasi fulani. Waliopandikizwa moyo wanameza dawa za kushusha kinga kama zako, na wao ongezeko lao lilikuwa kama mara tatu. Waliopandikizwa ini, chini ya mara mbili. Kwa hiyo dawa zina mkono wake, kwa sababu kinga ikishushwa askari wa mwilini hawakamati chembe mbaya kama zamani. Lakini kinachowapandisha nyinyi wa figo juu ya wengine ni hizo figo zilizokufa zenyewe na vifuko vyake. Wapo pia wanaogundulika mwaka wa kwanza tu baada ya kupandikizwa, wengine wanagundulika miaka mingi baadaye. Wale wa mwaka wa kwanza inaelekea uvimbe ulikuwepo tangu wakiwa kwenye mashine.

Kwa hiyo hukujilisha saratani, mwalimu. Ulijilisha miaka minane bila mashine. Na tafadhali usipunguze dozi kwa hasira, maana ukimkosa Mgeni hapo ndipo utakapohesabu hasara kweli.

Kuhusu Mgeni kuwa chanzo: saratani kuota kwenye figo iliyopandikizwa yenyewe hutokea, lakini ni nadra sana. Nyingi mno huota kwenye zile za zamani, kama wewe. Uvimbe wako uko mbavuni kushoto, Mgeni yuko kinenani kulia. Hawajawahi hata kusalimiana.

---

Mzee wa Kisauni amejibu:

Mwalimu, mimi ni wa Mombasa, miaka 61, nimepitia hili unalolipitia. Nitakwambia kama lilivyokuwa, nisipunguze wala nisitie chumvi.

Nilipandikizwa 2013, figo ya mwanangu wa kwanza. Mwaka 2021 nikaonekana na uvimbe figo ya kulia ya zamani, sentimita tatu na ushei. Sikuwa na maumivu, sikukojoa damu, sikukonda. Walikuwa wakitafuta kijiwe cha nyongo, wakakuta hicho. Naona sote tunapatikana hivyohivyo, kwa kitu kingine.

Niliuliza lilelile uliloliuliza: nitarudi mashini? Daktari akacheka, si kwa dharau, akasema, "Mzee, hiyo figo inakufanyia kazi gani sasa? Ukiitoa ni kama kutoa tanuri bovu jikoni." Na ni kweli. Nilitolewa, mkojo ukabaki uleule, kreatini ilipanda kidogo siku mbili za mwanzo kisha ikarudi pale ilipokuwa. Walinitoboa matundu matatu madogo na mpasuo mmoja wa kuitolea. Siku ya nne nilikuwa nyumbani nakunywa uji.

Lakini yapo mambo ambayo hukuyauliza, na hayo ndiyo yalinipa taabu.

La kwanza ni dawa asubuhi ya upasuaji. Wodini waliandika usile usinywe tangu saa sita ya usiku, na muuguzi akachukua hata dawa zangu. Nikamwambia mama, hizi za figo sikosi. Akasema sharti ni sharti. Nikang'ang'ania mpaka akampigia daktari wa figo, naye akasema mpe na funda moja la maji. Ulizia hilo mapema, liandikwe kwenye faili lako. Ulizia na prednisoloni, kama unaitumia, maana siku ya upasuaji huenda wakakuongezea kwa sindano.

La pili. Usiku wa kwanza nina maumivu, akaja kijana wa zamu na sindano. Nikamuuliza ni nini. Diklofenaki. Wallahi niliinuka kitandani na mirija yangu yote. Diklofenaki na ndugu zake akina ibuprofeni ni adui wa figo, na ukizichanganya na takrolimasi ndiyo balaa. Yule kijana hakuwa mbaya, alikuwa na wagonjwa thelathini na hakuna aliyemwambia kwamba huyu mzee ana figo ya kupandikizwa. Hospitali siitaji, haina maana. Nilichofanya baadaye, mke wangu aliandika kwa kalamu nene kwenye karatasi akaibandika juu ya kitanda: FIGO MOJA TU, HAPANA DIKLOFENAKI, HAPANA PRESHA MKONO WA KUSHOTO. Wewe pia mkono wako una nyuki, usiwaache wakufungie kile kitambaa cha presha hapo.

La tatu ni majibu ya kinyama. Yalichukua wiki tatu. Wiki tatu hizo zilikuwa mbaya kuliko kisu. Yakaja: saratani aina ya papilari, hatua ya kwanza, haijatoka nje ya figo. Daktari wa saratani akasema hakuna mionzi, hakuna dripu za saratani, kutolewa ndiyo tiba yenyewe. Nikamuuliza mara tatu kama nimesikia vizuri.

Kisha wakataka kunibadilishia dawa. Waliniondolea maikofenoleti, nayo ni dawa ya kushusha kinga, wakaniwekea sairolimasi badala yake, na takrolimasi wakaipunguza. Sairolimasi inashusha kinga lakini pia inazuia uvimbe kukua, ndivyo nilivyoelezwa. Hawakunianzishia mpaka kovu likapona vizuri, wiki sita hivi, kwa kuwa inachelewesha vidonda kupona. Ilinipa vidonda vya mdomo, pilipili nikaiaga miezi miwili, mpwa wangu akanicheka kwamba mtu wa Mombasa anakula mchuzi wa hospitali. Mafuta ya damu nayo yalipanda. Si kila mtu anabadilishiwa. Kama protini imeanza kutoka kwenye mkojo wako, daktari anaweza kukuacha na zilezile. Usiende kuidai kwa sababu Mzee wa Kisauni alipewa.

Kuhusu dada yako. Mimi mwanangu nilimficha. Nilimwambia ni kijiwe. Akaja kujua kwa karatasi ya kutokea hospitali, akaisoma ndani ya gari, mbele yangu. Hakusema neno mpaka Nyali. Kisha akasema, "Baba, nilikupa figo, hukuweza kunipa habari?" Mpigie mwalimu.

---

Nesi wa Usiku amejibu:

Niongeze kwa ambao bado mko kwenye mashine, kwani naona mnasoma kimya kimya. Nipo kitengo cha kusafisha damu, Mwanza.

Mgonjwa wangu mmoja alikuwa hakojoi kabisa, siku moja akatoa matone mawili yenye damu. Akadhani figo zinafufuka, akaja na furaha. Zilikuwa hazifufuki. Tone la damu kwa mtu asiyekojoa lisemwe siku hiyohiyo. Jambo jingine: mtu ambaye damu yake haipandi bila sindano ya kuongeza damu, ghafla inapanda yenyewe. Tunapenda, tunampongeza, lakini aangaliwe na figo zake pia, vifuko na uvimbe vinaweza kufanya hivyo.

Na sigara, jamani. Sitaki hata kuandika zaidi.

Mwalimu, kwa miaka yako mitano ya mashine ulistahili kuangaliwa figo hizo hata kabla ya kwenda India. Wataalamu wa njia ya mkojo wa Ulaya wanashauri ultrasaundi ya figo za asili kila mwaka kwa kila aliyepandikizwa. Wengine wanasema hapana, wapimwe tu waliokaa sana kwenye mashine, wenye vifuko, au ambao nyumbani kwao kuna aliyewahi kuugua saratani ya figo. Kwa huku kwetu, ambako nauli ya kliniki ni nusu ya mshahara, naelewa hoja ya hao wa pili. Lakini wewe ungeingia kwenye orodha zote mbili.

---

Mwalimu wa Ramani amejibu:

Nimewasoma wote, wengine mara mbili. Daktari Kijana, ile ya "hawajawahi hata kusalimiana" nimemsomea mke wangu, amecheka kwa mara ya kwanza wiki hii. Mzee wa Kisauni, shikamoo yangu haifiki Mombasa, nipokelee tu. Karatasi ya juu ya kitanda nimeshaiandika, maandishi ya ubaoni, hata mlinzi ataisoma kutoka mlangoni.

Upasuaji umepangwa. Nimeuliza mambo ya dawa za asubuhi, daktari wa figo ameandika kwenye faili kwa mkono wake na kusaini. La diklofenaki pia.

Dada bado. Nilipiga jana nikiwa nimejipanga kabisa. Akapokea, "Mgeni kaamkaje?" Nikasema hana neno. Halafu tukaongea habari za mahindi.

---

Mpiga Picha amejibu:

Mwalimu, hukudanganya. Mgeni hana neno kweli. Sema sehemu iliyobaki.

---

Mwalimu wa Ramani amejibu:

Nimerudi, samahani kwa ukimya wa wiki tano.

Dada nilimwambia usiku uleule. Nilianza kama nafundisha, maana ndiyo njia ninayoijua. Nikamwambia achukue daftari achore mwili. Juu kushoto, juu kulia, figo zangu za zamani. Chini kulia, Mgeni. Nikamwambia weka alama ya X juu kushoto. Akauliza X ni ya nini, nikasema hapo pana saratani, na wataitoa. Simu ikawa kimya mpaka nikadhani salio limekatika. Kisha nikasikia, "Hiyo X haiko kwangu?" Nikasema haiko kwako. Akasema nirudie. Nikarudia mara nne.

Hakulia, alinigombeza, kwamba nimekaa na jambo hilo siku kumi na nane nikimhadithia mahindi. Kesho yake alipanda basi.

Nilitolewa figo ya kushoto wiki nne zilizopita. Matundu matatu kama ya Mzee. Dada alikaa kwenye kiti cha plastiki chini ya ile karatasi, kila muuguzi aliyekuja na sindano alimuuliza jina la dawa na kumwambia aiandike kwenye daftari lake, lilelile lenye ule mchoro. Mmoja alikasirika kidogo, siku ya tatu wakawa marafiki. Kreatini ilifika 139, sasa imerudi 121.

Majibu yamekuja juzi: papilari, sentimita 2.5, hatua ya kwanza, kingo safi, yaani saratani haikufika pale walipokata. Kuhusu kubadilisha dawa, daktari wa figo anataka kwanza apime protini ya mkojo ndipo aamue. Nimeambiwa pia dada mwenyewe, kama mtoaji, anatakiwa kupimwa presha, mkojo na kreatini kila mwaka, na kumbe miaka mitatu hajaenda. Amepimwa palepale tukiwa tunasubiri dawa dirishani. Presha yake ni nzuri kuliko yangu.

Tulipokuwa kwa daktari kupokea majibu, mimi nilishaanza kushukuru na kuinuka. Dada hakuinuka. Alifungua daftari kwenye mchoro, akaweka kidole juu kulia, akamuuliza daktari:

"Na mwenyeji huyu aliyebaki, mtamwangalia lini?"

Fomu imeandikwa. Ni baada ya miezi sita, na yeye ndiye aliyeibeba kwenye mkoba wake.